Gamba Moja, Njia Mbili: Ulinganisho wa Maumbile ya Minyoo Mviringo na Arithropodi



1. Utangulizi

Madhumuni ya mada hii ni kulinganisha maumbile ya makundi mawili ya wanyama ambayo katika madarasa yetu husomeshwa mbalimbali, kila moja katika sura yake, kana kwamba halina habari ya jingine: minyoo mviringo, ambao wataalamu huwaita nematodi, na arithropodi, yaani wanyama wa miguu yenye viungo, ambao miongoni mwao wamo wadudu, buibui, nge, kupe, tandu, jongoo, kamba na kaa. Mwanafunzi humaliza sura ya kwanza akijua kuwa chango hukaa tumboni mwa mtu na kwamba dawa yake hupatikana zahanati. Humaliza ya pili akijua kuhesabu miguu ya panzi na ya buibui. Na aghalabu hutoka darasani pasipo kuulizwa swali ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha somo lote, nalo ni hili: viumbe wawili wasioelekeana kabisa kwa sura, mmoja laini, asiye na mguu wala jicho, na wa pili mwenye gamba gumu, na miguu, na macho, na vipapasio, yawezekanaje wakawa jamaa wa nasaba moja?

Hoja yangu naiweka wazi tangu sasa, ili msikilizaji apate kuipima kadiri tunavyokwenda. Nasema kuwa makundi haya yote mawili yamejengwa juu ya jambo moja, nalo ni gamba lisilo hai lifunikalo mwili mzima, ambalo halina budi kuvuliwa mara kwa mara mnyama apate kukua. Na kwamba tofauti karibu zote tuzionazo baina yao, za mwendo, za pumzi, za damu na za fahamu, zimetokana na njia mbili zilizofuatwa katika kulitumia gamba hilo. Minyoo mviringo wameliacha gamba lipindike mahali pote, wakalijaza maji yenye kanieneo kubwa. Arithropodi wameligandisha likawa gumu, kisha wakaligawa vipande na kuviunga kwa viungo.

Kwa minyoo nitashika zaidi mfano wa chango, Ascaris lumbricoides, kwa kuwa ni mkubwa, huonekana kwa macho matupu, na hakuna mwalimu wa pwani wala wa bara asiyemjua. Kwa arithropodi nitashika mfano wa kaa wa mikokoni, Scylla serrata, nikimwita panzi au buibui shahidi pale ambapo kaa peke yake hatoshi.

2. Umbo la nje

Chango jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35, na dume humpungukia, naye hutambulikana kwa mkia wake uliopinda. Mwili ni wa mviringo, umechongoka pande zote mbili, hauna pingili hata moja. Na ingawa ukiutazama kwa karibu utaona vijistari vyembamba vinavyouzunguka, hivyo ni vya juu ya gamba tu, wala havigawi chochote kilichomo ndani. Mdomo uko kwenye ncha ya mbele, umezungukwa na midomo midogo mitatu, mmoja juu na miwili chini. Zaidi ya hayo macho hayapati cha kuona, illa mistari iliyonyooka toka kichwani hadi mkiani, miwili ya ubavuni ikiwa dhahiri kuliko mingine.

Kaa ni kinyume chake. Mwili wake ni wa pingili, na kila pingili kwa asili ina jozi yake ya viungo. Illa pingili zimeungana kwa mafungu, na viungo vimegawana kazi. Katika panzi mafungu hayo ni matatu, kichwa, kidari na tumbo. Katika kaa kichwa na kidari vimeunganishwa chini ya gamba pana la mgongoni, na tumbo limekunjwa chini ya mwili, ambako mvuvi hulitazama apate kujua jinsia, maana la dume ni jembamba lenye pembe tatu, na la jike ni pana, ndimo abebamo mayai. Katika viungo vyake kumi vya kidari, jozi ya kwanza imekuwa magando ya kushikia na kuvunjia, na jozi ya mwisho imekuwa bapa, ya kuogelea. Na vile vidogo vinavyozunguka mdomo, ambavyo mwanafunzi hudhani ni meno, navyo kwa asili ni miguu iliyogeuzwa kazi. Huu ndio utajiri wa arithropodi: kiungo kimoja, kwa kurudiwa na kubadilishwa, hutoa gando, taya, kipapasio, kasia na mguu wa kutembelea. Mnyoo, asiye na pingili, hana kitu cha kurudia wala cha kubadilisha, na kwa sababu hiyo minyoo mviringo wa baharini, wa udongoni, wa mizizini na wa matumboni hufanana kwa umbo kiasi cha kumchosha hata mtaalamu mwenye hadubini.

3. Gamba na namna ya kulivua

Katika wote wawili gamba si ngozi yenyewe, bali ni kitu kinachotolewa na tabaka la seli lililo chini yake; kwa hiyo halina uhai, halina damu, wala haliwezi kukua pamoja na mwili. Gamba la chango limefanywa kwa protini ya kolajeni, nalo ni gumu kuchanika lakini jepesi kupinda. Gamba la panzi limefanywa kwa kitini na protini zilizofungamana. Na gamba la kaa limeongezewa chokaa, ndiyo maana hulia likivunjwa. Kitini hakikosekani kabisa kwa minyoo mviringo, ila wamekiweka mahali pengine, hususan katika ganda la yai, na hiyo ni sababu mojawapo ya mayai ya chango kudumu udongoni kwa miaka yakingoja mtu asiyenawa mikono.

Mnyama aliyevaa vazi lisilokua hana hila ila kulivua. Minyoo mviringo hujivua gamba mara nne katika maisha yao, wala hawazidishi. Wadudu, isipokuwa wachache, huacha kujivua wakishakuwa wazima. Kaa huendelea kwa muda mrefu zaidi. Nawaombeni mtazame jambo hili kwa karibu katika kaa, kwani ndipo linapoonekana vizuri. Siku zinapokaribia, gamba jipya laini huwa limekwisha kuumbwa chini ya lile kuukuu. Kisha gamba hupasuka kwa nyuma, katika mpaka wa mgongo na tumbo, na kaa hutoka kinyumenyume, akivuta miguu mmoja mmoja, na magando yenye nyama nyingi akiyapitisha katika viungo vyembamba. Kinachobaki nyuma ni kaa mzima kwa sura: mna vifuniko vya macho, mna magamba ya matamvua, na mna hata yale meno ya tumbo la mbele ambayo alikuwa akisagia chakula. Maana utumbo wa mbele na wa nyuma wa kaa umetandikwa gamba lile lile la nje, nao huvuliwa pamoja nalo. Ni utumbo wa kati peke yake usiokuwa na gamba.

Basi mrudieni chango, mtaona kaida hiyo hiyo. Koromeo lake limetandikwa gamba, na sehemu ya mwisho ya utumbo wake imetandikwa gamba, na zote mbili huvuliwa kila anapojivua. Utumbo wa kati, ambao ni safu moja tu ya seli, hauna. Tena katika makundi yote mawili ngozi imekosa vile vinyweleo vinavyopepea ambavyo wanyama wengi wadogo wa majini huvitumia kuogelea, kwani havina nafasi chini ya gamba. Hakuna mtu atakayeyaona haya kwa kutazama sura ya nje.

4. Mwendo

Hapa ndipo njia zinapoachana. Chango hana mfupa wala gamba gumu la kushikizia misuli, na misuli yake yote imelala kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma. Hana misuli ya kuuzunguka mwili kama aliyo nayo nyungunyungu wa shambani. Msuli ukikaza hufupika, lakini hauwezi kujirefusha wenyewe. Sharti kiwepo cha kuuvuta urudi. Kwa kaa, msuli mmoja hukunja na mwenzake hukunjua. Kwa chango, mwenzake wa msuli ni maji. Uwazi ulio baina ya ukuta wa mwili na utumbo umejaa maji yaliyobanwa, na mwili mzima umekaa kama tyubu ya baiskeli iliyotiwa upepo ukajaa.

Mwaka 1957 wanasayansi Harris na Crofton walipima kanieneo hiyo ndani ya chango, wakaona kwa wastani ni takriban milimita 70 za zebaki, yaani zaidi ya nusu ya msukumo wa damu ya mtu mwenye afya wakati moyo unapopiga. Walieleza pia kazi ya nyuzi zilizomo katika gamba, ambazo zimepangwa kwa tabaka tatu, zikiuzunguka mwili na kupishana kimshazari kwa pembe ya digrii 75 hivi na mstari wa urefu. Nyuzi hizo hazivutiki. Misuli ya upande mmoja inapojaribu kuufupisha mwili, nyuzi huuzuia mwili usipanuke unene wa kutosha, maji hukosa pa kwenda, kanieneo hupanda, na kanieneo hiyo ndiyo inayoirudisha misuli iliyokazwa katika urefu wake. Kwa hiyo mnyoo huenda kwa kujipinda, mgongo ukishindana na tumbo, mpaka mawimbi yapite mwilini mwake. Hawezi kutambaa kwa kuvimba na kusinyaa, wala si rahisi kwake kuendesha sehemu moja ya mwili na kuiacha nyingine imetulia.

Kaa amepata uhuru huo kwa kuligandisha gamba. Misuli yake imegawanyika mafungu mafungu, imeshikizwa upande wa ndani wa gamba, na kila kiungo huendeshwa peke yake, pasipo kuutikisa mwili mzima. Gharama yake ni uzito, na saa za hatari kila anapojivua.

Hata hivyo njia hizi hazikuachana moja kwa moja. Buibui hana misuli ya kukunjua baadhi ya viungo vikubwa vya miguu yake. Huvikunjua kwa kuisukuma damu miguuni, ndiyo maana buibui aliyekufa utamwona miguu imejikunja chini ya mwili. Na kaa mwenyewe, anapotoka katika gamba kuukuu, ni laini kama mnyoo. Hunywa maji avimbe, ili gamba jipya ligande likiwa na nafasi ya kukulia. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Jennifer Taylor na William Kier, walionyesha kuwa kaa wa buluu, Callinectes sapidus, katika muda ule wa ulaini, huendesha viungo vyake kwa kutegemea kanieneo ya maji ya mwilini, na gamba likisha kuganda huirudia njia yake ya siku zote. Ni kusema kuwa kila anapojivua, kaa hupita kwa muda katika njia ya mnyoo.

5. Chakula, pumzi na damu

Kanieneo ya mnyoo ina madai yake. Utumbo uliozungukwa na maji yaliyobanwa hujifunga wenyewe, kwa hiyo chango hana budi kukisukuma chakula kwa nguvu. Koromeo lake lenye misuli hufunguka na kujifunga kama bomba, likivuta na kusukuma, na vali huzuia kirudicho nyuma. Kutoa taka ni kazi rahisi zaidi, maana msuli ukifungua tundu la nyuma, kanieneo humaliza yaliyobaki. Moyo hana, mishipa ya damu hana, wala hana mapafu au matamvua. Hewa na chakula hupenya na kusambaa katika maji ya mwili, nayo maji hayo huchanganywa kila anapojipinda.

Arithropodi, kwa kuwa amejifungia ndani ya gamba gumu, ilimbidi atafute milango ya pumzi. Kaa ana matamvua yaliyofichwa ubavuni chini ya gamba. Nge ana mapafu yaliyopangwa kurasa kurasa. Panzi ana vitundu ubavuni viingizavyo hewa katika mirija inayogawanyika mpaka kuzifikia seli zenyewe, na mirija hiyo nayo imetandikwa gamba, na huvuliwa. Moyo wa arithropodi uko mgongoni, una vitundu vya kuivuta damu, nayo hutoka kwenda kuoga viungo moja kwa moja katika uwazi wa mwili, bila ya kufungwa mishipani njia nzima. Damu ya kaa hubeba oksijeni kwa kemikali yenye shaba, ndiyo maana hugeuka buluu. Damu ya panzi haina kazi hiyo, kwa sababu hewa imekwisha kupelekwa na mirija. Ama taka za mwili, mdudu huzichuja kwa mirija myembamba iliyopewa jina la Marcello Malpighi, Mtaliani aliyempasua nondo wa hariri na kuandika habari zake mwaka 1669.

6. Fahamu

Chango ana pete ya fahamu iliyozunguka koromeo, na kutoka hapo kamba za fahamu hushuka mwilini, kubwa zikiwa moja ya mgongoni na moja ya tumboni. Jambo la ajabu ni kwamba mshipa wa fahamu hauendi kwenye msuli kama ilivyo kwa wanyama wengi; seli ya msuli ndiyo inayonyosha mkono wake kwenda kuutafuta mshipa. Na hesabu ya seli ni ndogo na thabiti. Mnyoo wa udongoni Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1, ambaye Sydney Brenner alimchagua kwa utafiti wa maabara na kuandika habari zake mwaka 1974, ana seli 959 za mwili katika umbo lake la huntha, na 302 kati ya hizo ni za fahamu. Hesabu hiyo haibadiliki toka mnyoo mmoja hadi mwingine. Kwa uvumbuzi wao katika mnyoo huyu kuhusu jinsi jeni zinavyoongoza ukuaji wa viungo na kufa kwa seli, Brenner, John Sulston na Robert Horvitz walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa arithropodi kamba ya fahamu iko tumboni, ina mafundo, na kwa asili kila pingili ina fundo lake. Ubongo uko juu ya koo, nao hupokea habari za vipapasio na za macho, ambayo kwa wengi wao yamejengwa kwa vijicho vingi. Ubongo wa nyuki una seli karibu milioni 1. Si ajabu: mwenye viungo vingi vinavyokwenda kila kimoja kwa njia yake anahitaji mengi ya kuviongoza, ilhali mwenye kujipinda tu hutosheka na kidogo.

7. Hukumu ya nasaba

Carl Linnaeus, katika chapa ya 1758 ya kitabu chake cha uainishaji, aliwatia minyoo wote katika fungu moja pamoja na konokono na pweza, na kaa na buibui akawatia pamoja na wadudu. Georges Cuvier, mwaka 1817, aliwaunganisha arithropodi na nyungunyungu kwa hoja ya pingili, na hoja hiyo ikashika zaidi ya karne moja na nusu, kwani kwa macho ilikuwa na nguvu. Minyoo mviringo wakabaki mbali, wakihesabiwa kuwa wanyama duni. Mwaka 1997 Anna Marie Aguinaldo na wenzake, kwa kusoma jeni zinazohusika na utengenezaji wa protini katika seli, walionyesha kuwa nematodi na arithropodi ni wa tawi moja pamoja na jamaa wengine wanaojivua gamba, na kwamba nyungunyungu, pamoja na pingili zake zote, ni wa tawi jingine. Nyungunyungu havui gamba.

Nasaba hii inatuhusu hata nje ya darasa. Dawa ya ivermektini, iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, huwapooza minyoo mviringo na hudhuru arithropodi pia, kwa kuwa wote wawili wana milango ya aina moja katika seli za fahamu na misuli, ambayo mwanadamu hana; mfugaji huitumia kwa minyoo na kwa utitiri wa mifugo. Kinyume chake, zipo dawa za kuzuia utengenezaji wa kitini ambazo huangamiza mabuu ya wadudu, nazo si tiba ya chango, kwa sababu gamba lake si la kitini. Panapofanana miili, dawa ni moja; panapoachana, dawa huachana.

Na wawili hawa hukutana kwa namna ya kudhuru pale mbu anapobeba mnyoo wa matende, kama Patrick Manson alivyoanza kuonyesha huko Amoy, China, mwaka 1877. Vijinyoo hunywewa na mbu pamoja na damu ya usiku, hupenya ukuta wa tumbo lake, huingia katika misuli ya mabawa, na humo hujivua gamba mara mbili. Baada ya siku 10 hadi 14 hivi huwa tayari kuingia kwa mtu mwingine, ambamo hujivua mara mbili zilizobaki. Matende na mabusha ya pwani yetu ni matokeo ya ushirika huo.

8. Hitimisho na mapendekezo

Natoa mapendekezo matatu. La kwanza, sura ya minyoo mviringo na sura ya arithropodi zisomeshwe zikifuatana, na mlango wa kuingilia uwe gamba na kujivua kwake, si hesabu ya miguu. La pili, mwalimu asiwaache wanafunzi wadhani kuwa kila kilicho kirefu na laini ni ndugu mmoja. Nyungunyungu na chango wawekwe bega kwa bega, na sababu za kuwatenga zitajwe. La tatu, somo la vitendo lifanywe kwa vitu vilivyo karibu: gamba tupu la kaa aliyejivua huokotwa ufukweni bila gharama, panzi hupatikana kila shamba, na chango aliyehifadhiwa huweza kuombwa kutoka maabara ya hospitali. Viwekwe juu ya meza moja, mwanafunzi apewe wembe na kioo cha kukuzia, atafute mwenyewe mahali gamba linapoishia ndani ya utumbo, na mwalimu asimwambie jibu kabla hajalitafuta.